Mawese ni Kinga ya Chakula, Si Dawa ya Sumu

Msafiri atokaye Bujumbura na kushika barabara ya kusini, ziwa Tanganyika likiwa kuume kwake na milima ikiwa kushoto, hachukui muda kabla ya kuanza kuiona michikichi. Afikapo Magara, na kuendelea hadi Rumonge, miti hiyo huwa ndiyo sura ya nchi. Imesimama bondeni, imepanda vilimani, na imezunguka nyumba za watu. Kandokando ya barabara mawese huuzwa katika chupa na vidumu, na wekundu wake hung'aa juani hata aliye ndani ya gari huyatambua kwa mbali.

Lakini kidumu hakina uaminifu. Leo kimebeba mawese, kesho kitabeba maji, na keshokutwa huenda kikatiwa mafuta ya taa, petroli au dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Katika nyumba nyingi vitu hivi hukaa pamoja, kona moja, katika vyombo vinavyofanana. Hapo ndipo inapoanza habari hii, ambayo kila baba na mama wa nyumba yampasa aifahamu.

Katika nchi nyingi ambamo mchikichi hustawi, tangu Afrika ya Magharibi hadi Kongo, mawese hayakuwa kitoweo tu. Wazee waliyatumia pia kama dawa ya kuvunja sumu. Mtu akinywa kitu kibaya, hushikwa kichwa na kunyweshwa mawese. Na siku hizi imani hiyo imepata mtetezi asiyetazamiwa. Yasemwa kwamba wataalamu wamethibitisha katika maabara kuwa mawese, mlonge, manjano, chai na mimea mingine mingi huukinga mwili na madhara ya kemikali. Maneno hayo ni ya kweli nusu. Nusu iliyobaki, isipoelezwa, yaweza kuua mtoto.

Kutu ya mwili

Askari yeyote aijua kutu. Bunduki iliyoachwa na unyevu bila kufutwa huanza kubadilika rangi, kisha chuma huliwa kidogo kidogo. Kinachokula chuma ni oksijeni, hewa ileile tunayoivuta ili tuishi. Mwilini nako kuna jambo linalofanana na hilo. Chakula kinapochomwa ndani ya chembe hai ili kutoa nguvu, hutokea vipande vidogo visivyotulia, ambavyo wataalamu huviita chembe huru. Kila kimoja hutafuta cha kunyakua kutoka kwa jirani yake, na jirani aliyenyakuliwa naye hugeuka mnyakuzi. Mfululizo huo ukiachwa hupasua ngozi laini za chembe hai, huharibu protini, na hata kugusa mbegu za urithi.

Mwili haukuachwa bila walinzi. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza kazi ya kimeng'enya kinachozima aina moja ya chembe hizo. Baadaye ilifahamika wazi kwamba mwili una kikosi kizima cha ulinzi. Vimo vimeng'enya, imo glutathioni ambayo hutengenezwa kwa wingi katika ini, na zimo vitamini zitokazo katika chakula. Vitu hivi vya ulinzi huitwa antioksidanti. Mojawapo ni vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop katika Chuo Kikuu cha California, walipoona kwamba panya waliokosa kitu fulani kilichomo katika majani mabichi walishindwa kuzaa.

Maadamu walinzi na wachokozi wanalingana, mtu ni mzima. Wachokozi wakizidi, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisho. Moshi wa sigara huwaongeza wachokozi. Pombe nyingi huwaongeza. Na ziko kemikali ambazo, zikiingia mwilini, huwazalisha kwa kasi kubwa mno, hata walinzi wote wakaisha kwa muda wa saa chache. Hapo kutu hugeuka moto.

Yaliyomo katika mawese

Wekundu wa mawese si urembo. Ni karotini, rangi ileile iliyomo katika karoti, maboga na maembe mabivu. Katika kilo moja ya mawese yasiyosafishwa kiwandani mna kiasi cha miligramu 500 hadi 700 za karotini za namna mbalimbali. Kwa uzito uleule, mawese huizidi karoti mara kadhaa. Aidha mna vitamini E kiasi cha miligramu 600 hadi 1,000, na sehemu kubwa yake ni ya aina ambayo ni haba katika mafuta mengi ya kupikia.

Karotini ina kazi mbili. Kwanza, yenyewe huweza kuzima chembe huru. Pili, mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo bila yake mtoto huwa haoni vizuri giza linapoingia, na ugonjwa mdogo humwangusha vibaya. Kazi hiyo ya pili imeshuhudiwa kwa watu, si kwa panya tu. Nchini Burkina Faso, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mawese mekundu yalipelekwa kuuzwa katika sehemu za nchi ambako hayakuwa yakiliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba vitamini A ilikuwa imeongezeka katika damu ya akina mama na ya watoto wao. Hawakupewa vidonge wala sindano. Walikula.

Hivyo sahani ya isombe iliyoungwa kwa mawese, pamoja na ndagala wa ziwani, ni chakula cha maana kuliko wengi wanavyodhani. Majani yana karotini yake, mawese yana karotini yake, na mafuta hayo hayo huusaidia mwili kuifyonza yote. Mama wa Magara apikaye hivyo hutia akiba ya walinzi katika miili ya watoto wake kila siku, bila kujua neno lolote la kemia.

Mafunzo ya panya weupe

Sasa na yatazamwe majaribio yenyewe yanayosemwa. Kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakitumia kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi. Zamani ilitiwa katika mitungi ya kuzimia moto, na ilitumiwa na madobi wa kusafisha nguo bila maji, hata ilipofahamika kuwa ni hatari ikaachwa. Kemikali hii ikifika katika ini, ini lenyewe, katika jitihada za kuivunja, huigeuza kuwa chembe huru kali ambazo hushambulia mafuta yaliyomo katika ngozi za chembe hai. Ini huharibika kwa njia inayojulikana na kupimika. Kwa sababu hiyo imekuwa kipimo cha kawaida: mtafiti akitaka kujua kama mmea fulani una nguvu ya kuzuia kutu ya mwili, huwapa panya kemikali hiyo, kisha hulinganisha maini ya panya waliokula mmea na ya wale ambao hawakuula.

Mimea mingi imepita katika mtihani huo ikafaulu. Umo mbigili wa maziwa wa nchi za Mediterania, yamo manjano, mlonge na chai ya kijani. Vitu vilivyotolewa katika mawese vimejaribiwa pia. Ripoti za namna hii ni nyingi sana, na hakuna sababu ya kuzidharau.

Lakini msomaji mwangalifu azitazame siku za majaribio hayo. Katika mengi yake panya hupewa mmea kwanza, siku saba, siku kumi na nne au zaidi, ndipo hupewa sumu. Mara nyingi kipimo cha mmea, kikilinganishwa na uzito wa panya, ni kikubwa kupita chochote ambacho mtu angeweza kula mezani. Na kipimo cha sumu huchaguliwa na mtafiti mwenyewe, cha kutosha kuumiza lakini si lazima kiue. Kwa maneno mengine, jaribio hilo linaonyesha kwamba mlinzi aliyewekwa langoni mapema hupunguza hasara. Halionyeshi kwamba mlinzi aliyeitwa baada ya nyumba kuteketea ataweza kuirudisha.

Askari aelewe kwa mfano wa bunduki yake. Mafuta hupakwa kabla ya kutu. Aliyeiacha bunduki mvuani mwezi mzima, hata akiitumbukiza katika pipa la mafuta, vishimo vilivyokwisha kuliwa havitajaa.

Jioni ya msiba

Mfano wake ni huu. Ni saa moja ya jioni. Mama yuko mekoni, baba hajarudi kazini. Mtoto wa miaka miwili ameikuta chupa ya soda chini ya meza. Ndani yake hamna soda, ni mafuta ya taa. Amemeza funda moja, amekohoa, analia. Bibi aliye jirani anakuja mbio na kikombe mkononi. "Mpe mawese haraka, mwanangu, yataivunja hiyo sumu!" Bibi anasema hayo kwa mapenzi, na ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia.

Kinachotokea baadaye kimeandikwa mara nyingi na madaktari wa watoto, hasa wa Nijeria, ambako desturi hiyo ni kongwe. Hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko mapafuni. Mafuta hayo ni mepesi kuliko maji na hutambaa upesi. Yakishuka tumboni na kubaki humo, madhara yake aghalabu si makubwa. Lakini mtoto akitapika, hupita tena karibu na njia ya pumzi, na tone dogo likiingia pafuni hutosha kuleta kichomi kikali. Sasa mtoto anayelia na kukohoa, akishindiliwa mawese mdomoni, hutapika. Mawese yenyewe nayo yaweza kuingia mapafuni, na mapafu hayana njia nyepesi ya kuyatoa. Kile kilichokusudiwa kiwe msaada kimeongeza hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

Liko jambo jingine lisilofahamika na wengi. Baadhi ya sumu huyeyuka katika mafuta. Mfano ulio karibu zaidi na nyumba za askari ni vidonge vyeupe vya naftalini, vile vya kuwekwa sandukuni ili nondo wasile nguo. Kidonge hicho ni cheupe kama peremende, na mtoto hukitia kinywani. Naftalini ikivunjwa na mwili hutoa vitu vinavyoleta mkazo wa oksidisho ndani ya chembe nyekundu za damu, hata zikapasuka. Hatari ni kubwa zaidi kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzisaidia chembe hizo kujilinda. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata wanaume zaidi, na umeenea katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, zikiwamo nchi za Afrika. Siku moja hadi tatu baada ya kumeza, mkojo huweza kugeuka mweusi kama chai kavu, macho yakawa manjano, na mtoto akaishiwa damu.

Kama kungekuwa na sumu moja ambayo mawese yangeifaa, ingekuwa hii, kwa kuwa kazi yake ni oksidisho tupu. Hata hivyo mambo ni kinyume. Mafuta huisaidia naftalini kuyeyuka na kupenya upesi zaidi katika damu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa sumu hukataza kumpa aliyeimeza maziwa au chakula chenye mafuta katika saa za mwanzo.

Mmea unaookoa baada ya sumu

Yafaa isidhaniwe kwamba hospitali inadharau mimea. Mojawapo ya dawa kuu za sumu duniani, atropini, asili yake ni mmea uitwao beladona. Mtu aliyepata sumu ya baadhi ya dawa za kuulia wadudu hutokwa na udenda, machozi na jasho jingi, mboni za macho hupungua na kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi humpaa. Atropini huizuia hali hiyo. Majeshi ya nchi nyingi huwapa askari wao sindano za atropini dhidi ya gesi zinazoshambulia neva, kwa kuwa gesi hizo na dawa hizo za shambani ni za ukoo mmoja.

Lakini beladona yenyewe ni sumu kali. Kilichoifanya iwe mwokozi ni kusafishwa, kupimwa kwa miligramu, na kutolewa na mtu anayejua ni sumu gani anapambana nayo. Atropini haifai kwa mafuta ya taa. Haifai kwa naftalini.

Kadhalika yuko mgonjwa aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli kwa mkupuo. Hapa mkazo wa oksidisho ni dhahiri: ini humaliza glutathioni yake yote katika kuivunja dawa, kisha huachwa bila ngao. Mgonjwa huyu huwadanganya watu wa nyumbani, kwa sababu siku ya kwanza huweza kuonekana mzima. Akinyweshwa mawese au maji ya majani, nyumba yote hushukuru kwamba dawa imefanya kazi. Siku ya pili au ya tatu ini huanza kushindwa. Hospitali inayo dawa iitwayo asetilisisteini, ambayo huurudishia mwili malighafi ya glutathioni, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita tangu vidonge vilipomezwa. Saa hizo nane ndizo hupotea nyumbani katika kusubiri mawese yafanye kazi.

Vidonge vya nguvu na wavutaji sigara

Baada ya kusikia haya, huenda mtu akafikiri kwamba njia bora ni kununua karotini iliyokwisha kutolewa na kutiwa katika vidonge, ili apate kinga kubwa kwa mara moja. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Nchini Ufini, kuanzia mwaka 1985, wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa katika makundi. Baadhi yao walipewa vidonge vya karotini, miligramu 20 kila siku, kwa matumaini kwamba vitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994 yaliwashangaza watu wote: waliopewa karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Jaribio jingine la namna hiyo nchini Marekani lilisimamishwa mwezi Januari mwaka 1996, kwa kuwa nalo lilikuwa likielekea huko huko.

Hali kadhalika chai. Kikombe cha chai hakijamdhuru mtu mzima. Lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba dondoo ya chai ya kijani iliyokolezwa katika vidonge, ikifikia miligramu 800 au zaidi kwa siku za kitu chake kikuu, huweza kuleta dalili za kuumia kwa ini. Ni ini lilelile ambalo mnywaji alikusudia kulikinga.

Funzo ni kwamba karotini ya chakula na karotini ya kidonge hazikuingia mwilini kwa njia moja wala kwa kipimo kimoja. Na askari avutaye pakiti moja kwa siku asijidanganye kwamba kidonge chochote, au hata bakuli la isombe, kitamfutia moshi. Kinga yake ni kuizima sigara.

Mawese jikoni

Kwa kuwa faida ya mawese iko katika chakula cha kila siku, yapasa yatunzwe ili faida hiyo isipotee kabla ya kufika sahanini. Karotini na vitamini E zenyewe huharibiwa na vitu vitatu: moto mkali, mwanga na hewa.

Desturi ya kuyachemsha mawese mpaka yatoe moshi na kupoteza wekundu wake ni kuyachoma yale yaliyo bora ndani yake. Mpishi aliyeyafanya meupe amebaki na mafuta matupu. Ni afadhali yatiwe katika mboga ikiwa inakaribia kuiva, moto ukiwa wa kadiri. Isombe kwa upande wake hapana budi itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa kabisa, maana majani ya muhogo yana sumu yake ya asili, ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Chombo cha mawese kifunikwe barabara na kiwekwe mahali pa giza na ubaridi. Chupa inayong'aa dirishani hupendeza macho, lakini mwanga unaipunguzia thamani siku kwa siku. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi, yakawa meusi na mazito, hayana kinga tena. Yenyewe yamekwisha kuota kutu. Mawese yenye harufu kali ya kuchacha yasipikiwe watoto.

Wekundu mkali kupita kiasi si ushahidi wa ubora. Mwaka 2015 wakaguzi wa chakula nchini Ghana waligundua kwamba mawese katika masoko ya huko yalikuwa yametiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan IV, isiyoruhusiwa katika chakula, ili yavutie wanunuzi. Kununua kwa mkamuaji anayejulikana ni tahadhari nzuri. Mwisho, isisahauliwe kwamba karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo yakizidi huuelemea moyo. Kijiko kimoja au viwili katika mboga ya familia vyatosha. Hakuna haja ya mboga kuogelea.

Ulinzi wa nyumba

Kinga ya kwanza dhidi ya kemikali ni kuitenga kemikali. Mafuta ya taa, petroli, dawa za shambani, dawa za panya na maji ya kufulia yasitiwe kamwe katika chupa ya soda wala katika kidumu cha mawese. Yabaki katika chombo chake chenye jina, yafungiwe juu, mbali na chakula na mbali na mikono ya watoto. Kidumu kilichobeba petroli au dawa ya shambani kisirudishwe jikoni hata kikioshwa mara saba. Katika siku za uhaba wa petroli, ambazo Burundi imezijua sana katika miaka ya karibuni, akiba huwekwa ndani ya nyumba. Basi hapo uangalifu na uzidi.

Dereva asifyonze petroli kwa mpira na mdomo. Wako watu wazima walioingiwa na petroli mapafuni kwa njia hiyo, nao wakaugua kichomi kilekile cha watoto.

Nguo zilizokaa na naftalini zifuliwe na kuanikwa juani kabla hazijavishwa mtoto mchanga, maana mvuke wake nao hudhuru.

Ikiwa ajali imekwisha tokea, mambo ya kufanya ni machache nayo ni mepesi kukumbuka. Mtu aliyemeza sumu asitapishwe kwa kidole, wala kwa chumvi, wala kwa mawese. Asinyweshwe kitu ili sumu ivunjike. Nguo zilizolowa mafuta au dawa zivuliwe, na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Jicho lililoingiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa au zaidi. Aliyelegea alazwe kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Kisha apelekwe upesi katika kituo cha afya au hospitali, na chombo cha sumu kichukuliwe pamoja naye, kikiwa na kilichosalia ndani yake. Mganga akikiona chombo hupata nusu ya jibu. Hata mtoto anayeonekana ametulia baada ya kunywa mafuta ya taa yafaa atazamwe na mganga, kwa kuwa kichomi huweza kujitokeza baada ya saa kadhaa.

Na bibi mwenye kikombe cha mawese asikaripiwe. Aelezwe kwa heshima kwamba wazee hawakukosea walipoyaheshimu mawese, ila nafasi yake ni chunguni, kila siku, tangu mtoto anapoanza kula. Jioni ile ya msiba, msaada mkubwa awezao kumpa mjukuu wake ni kukiweka kikombe chini, kumfunga mtoto kitambaa kikavu, na kumwahi mwenye gari au pikipiki barabarani.